Mjomba wa Kunguni

Mmeniita niwaambie faida za kujiunga na klabu ya huduma ya mtaa. Aliyezungumza kabla yangu amewaeleza vizuri: utajifunza uongozi, utajuana na watu, utapata barua ya kumwonyesha mwajiri. Sawa, yote ni kweli. Mimi barua sina. Nina habari za kunguni tu, na naona wale wa nyuma wameanza kucheka. Chekeni. Lakini mnaona? Wawili wenu tayari wanajikuna.

Kazi yangu, kabla magoti hayajaniangusha, ilikuwa kupuliza dawa ya kunguni katika nyumba za mitaa hii yetu ya Eastlands. Kuanzia Pumwani hadi Kariobangi, nitajie laini yoyote ya nyumba nikwambie dari yake ikoje. Nilifundishwa na mzee mmoja wa Majengo, Fundi Ramadhani, Mungu amrehemu, mtu msafi kupita kiasi. Akikukuta unapuliza dawa katikati ya godoro, alikuchapa kofi la kisogo. "Hapo katikati anakaa nani? Kunguni halali na wewe, mjinga. Anakuja kula tu, kisha anarudi kwake."

Na kwake ni wapi? Kwenye maungio ya kitanda, kwenye matundu ya misumari, nyuma ya kalenda, ndani ya redio, kwenye mshono wa kochi chini ya vile vitambaa vyeupe walivyofuma mama zenu. Ukiona madoa meusi madogo kama ya wino, umeshamjua. Halafu unanusa. Nyumba yenye kunguni wengi hunuka dania iliyooza. Hadi leo mke wangu akikata dania jikoni, mimi nageuka kutazama kitanda.

Maji yaliyochemka kabisa ndiyo huanza, unayamwaga kwenye maungio. Dawa inafuata. Mafuta ya taa achaneni nayo, hayaui, yanawahamisha tu, na siku moja utachoma nyumba. Tena lazima urudi mara ya pili, kwa sababu dawa inaua yule anayetembea lakini yai linabaki. Ukimwambia mteja kwamba utarudi, anakuona tapeli. Zoea.

Siku nilipoanza kufanya kazi peke yangu, nilipuliza nyumba moja iliyo katikati ya laini, nikafunga dirisha, nikatoka najisifu. Haikupita wiki, jirani wa kushoto akaniita kwa siri, na wa kulia naye akaniita kwa siri yake. Nikakimbia hadi Majengo kumwambia mzee kwamba wateja wameongezeka. Alinitazama kwa huruma. "Wateja gani? Hao ni walewale. Umewahamisha nyumba." Nyumba zetu za laini, mnazijua: ukuta mmoja watu wawili, dari moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukimfukuza kunguni huku, anapita juu, anabisha kwa jirani.

Sasa hiyo siri. Sikilizeni vizuri, maana hapo ndipo penye aibu yote. Hakuna mama aliyekubali watu wajue kwamba kwake kuna kunguni. Mtu alikuwa radhi aitwe mchawi. Kwa hiyo pampu yangu niliibeba ndani ya gunia, na juu ya gunia naweka sukumawiki, majani yanachungulia nje, nionekane nimetoka sokoni. Nikifika mlangoni mama anapaza sauti majirani wasikie: "Aa, mjomba! Karibu, mjomba! Hamjambo huko nyumbani?" Nami naitika, "Hatujambo, wanawasalimu." Nikawa mjomba wa mtaa mzima. Kuna siku nilikuwa natoka kwa Mama Atieno, yule aliyekuwa akikaanga samaki mwisho wa laini yetu. Mama mmoja Mluhya, naye mteja wangu, akanipokea palepale nje: "Mjomba, kwetu unakuja lini?" Yeye na Mama Atieno wakatazamana. Mjaluo na Mluhya, na mjomba wao ni Mkamba mmoja! Waliitikia kwa kichwa, kila mtu akaingia kwake. Hakuna aliyeuliza ukoo.

Mnacheka, na mimi zamani nilicheka. Lakini sasa fikirini upande wa pili. Mama huyohuyo aliyeniita mjomba ndani ya nyumba yake, tukikutana sokoni Gikomba anageuza uso kama amedondosha kitu. Kunisalimu hadharani ni kusema ananijua, na kunijua ni kusema kwake wapo. Miaka na miaka nilitembea katika mtaa huu bila kusalimiwa. Mtoto wangu Mwende aliwahi kuniuliza, "Baba, tuliwakosea nini hawa watu?" Nilimwambia wana haraka.

Ndiyo sababu nilijiunga na klabu. Msidhani nilikuwa na moyo mkubwa wa kuhudumia jamii. Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Wafula, karani wa reli, mtu wa magharibi, mrefu, mwenye sauti ya kanisani. Alinikuta nje ya kioski akaniambia, "Fundi, Jumamosi tunazibua mtaro. Njoo." Mbele za watu! Akanishika mkono! Nilikwenda. Tulizibua ule mtaro, tukatoka tunanuka, na wakati wa kunawa watu waliniita kwa jina langu, Musyoka. Kwa mara ya kwanza mama mmoja alinisalimu hadharani bila kutazama kushoto na kulia. Faida ya kwanza niliyopata kwenye klabu ni salamu. Ninyi mnaosalimiana niaje niaje siku nzima hamwezi kujua ni kitu gani. Tulipaka rangi darasa la chekechea, tulichota maji kwa wagonjwa, tuliketi na wafiwa. Kila Jumamosi. Mke wangu naye akajiunga.

Na wakati huohuo, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, kunguni walikuwa wakila.

Ndiyo. Kwangu. Sijui kama niliwaleta mimi kwenye gunia au walipita darini kutoka kwa jirani niliyempulizia. Nilipuliza, nikachemsha maji, nikapuliza tena. Wanaisha, halafu wanarudi, kwa sababu laini nzima ilikuwa nao na kila mtu alikuwa akiwahamishia kwa mwenzake. Mganga hajigangi, nyinyi semeni tu. Mke wangu aliniapisha: "Baba Mwende, watu wakijua fundi wa kunguni ana kunguni, tutakula nini? Na mimi nitapita wapi?" Nikaapa.

Ingekuwa ni kujikuna tu, tungejikuna tukazeeka. Lakini kulikuwa na mama mkwe. Alikuwa akiishi Kitui, mjane, na macho yake yalianza kufifia. Shemeji yangu Kyalo, aliyekuwa dereva wa lori, ndiye aliyekuwa akituletea habari. Mvua ndefu zilikuwa zimeanza alipokuja na kutuambia, "Wanasema ni presha ya macho. Huko nyumbani hawawezi kumtibu. Aje akae kwenu, ahudhurie kliniki ya hapa Nairobi." Mke wangu akatazama kitanda. Nami nikatazama kitanda.

Nyinyi watoto wa mjini labda hamjui, lakini sisi Wakamba tuna neno nthoni. Ni haya, ni heshima, vyote pamoja. Mtu na mama mkwe wake hawazoeani ovyo, hawatazamani usoni ovyo. Mama mkwe kulala kwenye nyumba ya mkwewe, nyumba ya chumba na sebule, tayari ni mtihani. Sasa alale humo aamke na vipele shingoni? Arudi Kitui akawaonyeshe watu alivyolala kwa binti yake? Mke wangu alisema heri afe.

Tukamwambia Kyalo nyumba inapakwa rangi. Akarudi safari ya pili, tukasema Mwende ana surua. Safari ya tatu alifika Jumamosi mchana wakati wa kiangazi, akakataa hata chai. Akasimama mlangoni. "Mama amenituma. Anasema, nyumba gani hii inapakwa rangi tangu masika? Anasema kama hamumtaki mseme, atanyamaza. Sasa hivi ananitambua kwa sauti tu." Akaondoka. Mke wangu alikaa chini sakafuni, ameziba mdomo kwa kanga, akalia bila sauti ili majirani wasisikie. Ukuta ni mmoja, nimewaambia.

Saa chache baadaye ulikuwa mkutano wa klabu katika ukumbi wa mtaa. Tulikwenda, kwa sababu kutokwenda kungeleta maswali. Mke wangu aliketi na akina mama, mimi karibu na mlango. Mzee Wafula akasimama, akakohoa.

"Mwalimu wa chekechea ameniita. Anasema watoto wanasinzia darasani, miguu imejaa vipele. Nadhani mnajua nataka kusema nini."

"Hao watakuwa wa laini ya juu," Mama Atieno akasema haraka.

"Laini ya juu ipi? Sisi tuko safi! Angalieni hao wa karibu na choo!"

"Choo chenyewe tunakiosha sisi! Nyinyi hata ufagio hamna!"

Ikawa vurugu. Mzee Wafula akagonga meza. "Jamani! Kidole kimoja hakivunji chawa!"

"Mwenyekiti, hakuna mtu ametaja chawa hapa!" Ukumbi ukacheka. Nilicheka pia, kicheko cha uongo, mgongo umelowa jasho.

Kisha akanigeukia mimi. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa mtu wa kutaka kazi ianze. "Fundi Musyoka, wewe ndiye unayeingia katika nyumba za watu. Tuambie wako nyumba zipi, tujue pa kuanzia."

Niliinua macho, nikaona akina mama wote wanaoniita mjomba wananitazama, na kila mmoja ananiomba kwa macho. Mama Atieno alikuwa ameshika pindo la leso kama anataka kulichana. Hata mke wa Mzee Wafula mwenyewe alikuwa akitikisa kichwa kidogo, polepole, maana kwake nilishapuliza mara mbili mumewe akiwa kazini, na mzee hakuwahi kujua. Ningeweza kuwataja wote, nyumba baada ya nyumba. Lakini siri ya mteja si mali yangu. Fundi Ramadhani angefufuka anichape kofi.

Katika ukumbi mzima kulikuwa na nyumba moja tu niliyokuwa na haki ya kuitaja. Nikamtazama mke wangu. Alielewa kabla sijafungua mdomo, akasema "Usi..." na neno likakatika hapo.

"Kwangu wapo," nikasema.

Mtu mmoja akadhani hakusikia. "Wapo wapi?"

"Kwangu. Kitandani kwangu. Nimewapuliza nimechoka."

Jamani, walicheka! Walicheka wakashikana mabega. "Mganga hajigangi!" mmoja akapiga kelele. Mwingine akasema, "Kumbe ndiye anayewafuga, halafu anatuuzia!" Nilitamani ile sakafu ya saruji ipasuke inimeze. Mke wangu alisimama, akajifunga kanga vizuri, akapita katikati ya viti akatoka nje, na hakunitazama. Nikabaki nimesimama mimi peke yangu. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi niliichukia, "Siwezi kuwamaliza peke yangu. Dari ni moja. Na nina mgonjwa anayetakiwa kulala kwangu. Anapofuka."

Kicheko kikakatika palepale.

Nitawaambia kitu kuhusu Mzee Wafula. Hakuuliza tena nani anao. Alisema, "Jumamosi ijayo laini nzima inatoa vitanda nje. Aliye nao na asiye nao. Tunaanza na kwangu mimi." Mkewe alipumua hadi nikamsikia. Ujanja wake ulikuwa huo tu: kama kila mtu anatoa, hakuna anayejulikana. Kama nyinyi vijana mtajifunza kitu kimoja kutoka kwa klabu yetu ya zamani, jifunzeni hicho. Msimwite mwenye shida asimame mbele. Itisheni laini nzima.

Nyumbani mke wangu aliniwekea chakula bila neno. Baadaye akasema, "Umenivua nguo mbele za watu."

"Nimejivua mwenyewe."

"Kwani mimi na wewe tuna nguo mbili?"



Jumamosi ikafika, jua kali, na laini nzima ikamwagika nje: magodoro, makochi, makabati, picha za arusi, redio. Klabu iligawana kazi. Wengine walichemsha maji kwenye masufuria ya matanga, wengine walifungua vitanda, wengine waliziba nyufa kwa saruji, mimi nikapita na pampu mgongoni, bila gunia, bila sukumawiki. Mama Atieno alitoa kitanda chake akisema kwa sauti, "Mimi sina, natoa tu kwa ajili ya klabu!" Tulipokiangusha kando, wakamwagika kutoka kwenye miguu ya kitanda kama mtama. Akawatazama, akatutazama, akasema, "Hawa si wangu." Watu walicheka hadi wakaketi kwenye magodoro, na yeye mwenyewe akacheka. Mke wangu alifanya kazi kutwa nzima upande wa pili, mbali na mimi. Mayai yalipokuwa tayari yameanguliwa tulirudia kazi yote upya, na safari hii watu hawakuniona tapeli. Kunguni wakaisha. Laini nzima, wakaisha. Kazi ambayo mimi peke yangu na pampu yangu niliifanya miaka mingi bila kuimaliza, klabu iliimaliza kwa Jumamosi mbili.

Kyalo akamleta mama. Alishuka kwenye lori ameshikwa mkono, anapapasa hewa kwa mguu kabla ya kukanyaga. Wanawake wa klabu walipokezana kumpeleka kliniki, kwa sababu mke wangu alikuwa kazini na mimi kwa nthoni nisingeweza kumshika mkono. Waliokuwa wamenicheka ukumbini ndio waliomwogesha. Hiyo nayo ni faida, iandikeni.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alisema jicho la kulia wataliokoa, na waliliokoa. La kushoto, alisema, lilikuwa limekwisha. Akauliza, wala si kwa ubaya, "Mlikuwa wapi? Angeletwa wakati wa mvua yangepona yote mawili." Mke wangu alitazama viatu vyake. Mimi nilisema barabara ilikuwa mbaya.

Bandeji ilipotolewa, mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kochi letu, mimi nimekaa pembeni karibu na mlango kama mila inavyotaka. Aliitazama nyumba kwa lile jicho moja, ukuta hadi ukuta. Akamwambia binti yake, "Lakini sioni rangi mpya. Mlikuwa mkipaka nini?"

Mke wangu alishindwa kuvumilia. Akapiga magoti, akamweleza yote: kunguni, surua ya uongo, aibu, kwamba hakutaka mama yake alale na kuumwa katika nyumba ya mkwewe.

Yule mama akaanza kucheka. Alicheka hadi chozi likamtoka. "Kunguni?" akasema. "Kunguni tu? Mwanangu, kwangu Kitui nalala nao tangu nilipoolewa na baba yako. Wewe mwenyewe ulizaliwa juu yao."

Kisha akasema amechoka, akapapasa mto upande wa kushoto ambako haoni, akajilaza akalala. Mimi na mke wangu tukabaki tumeketi pale, na hakuna kati yetu aliyeweza kuinua uso.